FUNDI WA NYUMBANI: Maradhi ya Rangi katika Projekta Iliyotumika



Ndugu wasomaji, tunakutana tena katika ukurasa wetu wa kila mwezi. Mwezi uliopita tulieleza namna ya kulichunguza jokofu lililotumika kabla ya kulilipia. Mwezi huu tumekusudia kueleza chombo kingine ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Marekani, nacho ni projekta, yaani ile mashine inayorusha picha ukutani au juu ya shuka jeupe, watu wengi wakaweza kutazama kwa pamoja.

Sababu za kupendwa kwake hazifichiki. Sebule zetu ni ndogo na watu wetu ni wengi. Kila mkataba wa nyumba unapokwisha, wengi wetu hufunga mizigo tena, na televisheni kubwa ni tabu kuihamisha. Projekta hubebwa kwa mkono mmoja. Leo iko kwa shangazi, kesho iko katika darasa la watoto, keshokutwa iko katika shughuli ya akina mama. Tena shule na ofisi zinapobadilisha vifaa vyao huziuza zile za zamani kwa bei ndogo mno.

Walakini bei ndogo ina masharti yake. Barua zilizotufikia juu ya jambo hili zinafanana kama pacha: huyu analalamika kwamba picha yake yote imegeuka manjano, yule anasema nyuso za watu zimekuwa za kijani, mwingine ana doa la buluu lisilotoka. Miongoni mwao yumo mama mmoja ambaye ana mkanda wa harusi iliyofanyika Mombasa mwaka 1994. Ndani ya mkanda huo mna sura na sauti ya marehemu baba yake, ambaye wajukuu hawakumdiriki. Amenunua projekta ili watoto wamwone babu yao. Mkanda ukichezwa, picha haina rangi hata kidogo. Akicheza diski, rangi zipo, lakini upande wa kulia pana wingu la manjano. Muuzaji amempa siku saba za kurudisha, naye ameandika siku ya pili. Anauliza: airudishe au akae nayo?

Jibu lake tutalitoa humu humu, ila kwanza yatupasa tuijue mashine yenyewe. Tabibu hamwandikii mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza panapouma.

RANGI HUPATIKANAJE?

Rangi zote uzionazo katika picha ya projekta zimetokana na tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Zikichanganyika zote kwa kadiri sawa, jicho huona nyeupe. Zikikosekana zote, huona nyeusi. Hili ndilo ufunguo wa ukurasa wote, kwani maradhi mengi ya rangi maana yake ni kwamba moja katika hizi tatu imepungua, au imezidi mahali isipotakiwa.

Projekta za nyumbani zilizo nyingi sokoni ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya paneli tatu, iitwayo LCD. Kampuni ya Epson ilitoa projekta yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1989. Ndani yake mwanga mweupe wa taa hugawanywa na vioo maalumu katika rangi tatu. Kila rangi hupita katika paneli yake ndogo ya kioo, ambayo mbele na nyuma yake zina vichujio viitwavyo polaraiza. Kisha rangi tatu hukutanishwa tena katika prizma na kutoka kwa pamoja kupitia lenzi. Kwa ufupi, ni picha tatu zilizolaliana zikawa moja.

Namna ya pili ni DLP. Hii ina chipu yenye vioo vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinavyoinama huku na huku kwa kasi. Chipu hiyo ilibuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Projekta ya kawaida yenye piseli 1,024 kwa 768 ina vioo 786,432. Kwa kuwa chipu ni moja, rangi hupokezana: mbele ya taa pana gurudumu la vioo vya rangi linalozunguka, katika mashine nyingi mara 7,200 kwa dakika au zaidi, na jicho letu ndilo linalozichanganya.

Utazijuaje? Soma maandishi ya ubavuni au ya chini ya mashine. Pasipo maandishi, washa picha nyeupe kisha upungie vidole haraka mbele ya lenzi. Vivuli vya vidole vikionyesha michirizi ya rangi mbalimbali, hiyo ni DLP yenye gurudumu. Visipoonyesha, yumkini ni ya paneli tatu.

SWALI LA KWANZA: NI PROJEKTA AU NI KINACHOILISHA?

Wengi huilaumu projekta ilhali kosa liko katika waya, deki au ukuta. Fanyeni majaribio haya kwa mpangilio, wala msiruke hata moja.

1. Iacheni mashine iwake dakika 15 hadi 20. Taa huchelewa kutulia, na baadhi ya kasoro hazijitokezi mpaka mashine ipate joto.

2. Tazameni ukuta. Ukuta uliopakwa rangi ya maziwa hugeuza kila picha iwe ya manjano. Tundikeni shuka jeupe lililonyooshwa, au shikeni karatasi nyeupe mbele ya picha. Manjano yakitoweka, mgonjwa ni ukuta.

3. Fungueni menyu ya projekta na kurudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Mwenyewe wa kwanza huenda aliichezea. Tena mashine nyingi zina hali ya mwanga mkali kupita kiasi, iliyokusudiwa vyumba vya ofisi vyenye taa, na hali hiyo huelekeza picha kwenye kijani. Chagueni hali ya sinema kabla ya kuhukumu.

4. Chomoeni kila waya wa picha, kisha tazameni menyu ya projekta yenyewe na ule uwanja mtupu unaotokea pasipo picha. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Menyu hutengenezwa ndani ya projekta. Haipiti katika waya wowote. Ikiwa menyu ni safi na picha ya diski ndiyo iliyoharibika, kosa liko nje: katika waya, katika tundu la kuchomekea, au katika mashine inayoleta picha. Ikiwa menyu nayo ina doa au imepoteza rangi ile ile, kosa liko ndani.

KOSA LIKIWA NJE

Waya wa kompyuta wa VGA una nafasi 15 za sindano katika safu tatu. Sindano ya kwanza huchukua nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Moja ikipinda au ikikatika, rangi yake hufa peke yake na zile mbili hubaki. Tazameni ncha ya waya kwa tochi. Ila jueni kwamba sindano ya tisa, yaani ya nne katika safu ya kati, katika waya nyingi haikuwekwa tangu kiwandani; msidhani imevunjika.

Waya zenye vichwa vitatu vya kijani, buluu na nyekundu nazo hukosewa mara nyingi. Vichwa vya buluu na nyekundu vikibadilishana mahali, nyuso za watu hupata rangi ya ajabu. Na hata vichwa vikiwa mahali pake, ikiwa menyu ya projekta imepangwa kupokea ishara za kompyuta badala ya za video, picha yote huwa ya kijani na zambarau. Waya wa HDMI pia huweza kutoa kijani na waridi namna hiyo, pale mashine mbili zinapokosa kuelewana juu ya lugha ya rangi. Zimeni zote mbili, chomoeni, chomekeni tena. Isiposaidia, ingieni katika menyu ya mpangilio wa rangi na kuchagua upande wa pili.

Sasa tuje kwenye mikanda ya nyumbani, jambo linalotuhusu sisi wahamiaji kuliko jirani zetu. Dunia ya video iligawanyika katika mifumo. Marekani ilitumia NTSC, yenye mistari 525. Kenya, Tanzania, Uingereza na Oman zilitumia PAL, yenye mistari 625. Ufaransa ilikuwa na wake, SECAM. Kwa hiyo mkanda uliorekodiwa Mombasa, Unguja au Maskati ni wa PAL, na deki ya kawaida iliyouzwa hapa Marekani haiwezi kuucheza sawasawa: picha hupanda na kushuka, au hutetemeka. Inatakiwa deki ya mifumo yote, kama zile ambazo ndugu zetu wa Ghuba walizoea kutuletea. Na hata deki hiyo ikipatikana, projekta nayo lazima ijue kwamba inapokea PAL. Ikiwa menyu yake imefungwa kwenye NTSC, picha itaonekana lakini haitakuwa na rangi. Itakuwa nyeusi na nyeupe.

KOSA LIKIWA NDANI

Gazeti letu hutolewa kwa fotokopi, hivyo hatuwezi kuwaonyesha rangi. Itabidi tuzieleze kwa maneno. Watakeni vijana wenu wawatengenezee katika kompyuta kurasa sita tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu na kijivu. Kila ukurasa ujaze picha nzima. Hizi kurasa sita ni kama dawa ya kupimia. Hazigharimu kitu na zinasema kweli.

Anzeni na nyeupe. Ikigeuka manjano, iliyopungua ni buluu. Ikigeuka zambarau iliyoelekea waridi, iliyopungua ni kijani. Ikigeuka rangi ya feruzi, iliyopungua ni nyekundu. Kisha thibitisheni kwa ukurasa wa rangi hiyo inayoshukiwa: mkishuku buluu, onyesheni ukurasa wa buluu mtupu, nao utakuwa na kiza pale pale penye kasoro, ilhali nyekundu na kijani zitakuwa safi.

Sasa onyesheni nyeusi. Mashine nzima hutoa weusi wenye ukungu kidogo wa kijivu, na hilo si ugonjwa. Pakitokea wingu la buluu katika weusi, maana yake polaraiza ya buluu imechoka na inavujisha mwanga ambao ilipaswa kuuzuia. Kwa hiyo paneli moja huweza kuonyesha manjano katika nyeupe na buluu katika nyeusi. Msidhani ni maradhi mawili.

Mtauliza: mbona ni buluu kila mara? Kwa sababu mwanga wa buluu ndio wenye nguvu kali zaidi katika rangi hizi tatu, na hivyo vichujio vya upande wake huungua mapema. Joto ndilo linaloharakisha. Projekta iliyotumiwa miaka mingi katika darasa lenye vumbi, kichujio chake cha hewa kimeziba na feni inahangaika, hufika sokoni ikiwa na taa mpya lakini imekwisha kuungua ndani. Taa mpya haiponyi polaraiza iliyoungua. Hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika.

Baada ya kujua rangi, tazameni umbo la kasoro na mahali ilipo:

Picha nzima imepoa na kufifia kwa usawa. Aghalabu ni taa iliyochakaa. Taa hizi za zebaki kwa kawaida huhesabiwa umri wa saa 2,000 hadi 5,000, na zikikaribia mwisho mwanga wake huwa umepungua kama nusu. Kasoro hii hutibika kwa taa mpya, ila ulizeni bei yake kwanza, kwani taa huweza kuwa ghali kuliko projekta yenyewe.

Wingu lisilo na mipaka, upande mmoja au katikati. Ni polaraiza au paneli iliyoungua. Hulizidi kila mwezi. Fundi mwenye vipuri aweza kubadilisha, lakini kwa mashine ya bei ndogo gharama haina maana.

Doa la mviringo, laini, lenye rangi moja, linaloonekana zaidi katika giza. Jaribuni kuzungusha lenzi ili picha ipoteze ukali. Doa likibadilika, likawa dogo na kali zaidi wakati picha inapofifia, ni vumbi lililokaa karibu na paneli. Hili hutibika kwa kusafishwa na fundi. Wingu la kuungua halikusanyiki kwa namna hiyo.

Nukta moja ndogo yenye rangi isiyobadilika. Ni piseli iliyokufa. Haitibiki, lakini mtu aweza kuishi nayo.

Mstari mwembamba wa rangi moja kutoka juu hadi chini. Ni paneli ya rangi hiyo au utepe wa nyaya unaoilisha. Ni dalili mbaya.

Kivuli cha rangi pembeni mwa herufi. Andikeni maneno meupe juu ya weusi. Katika projekta ya paneli tatu, herufi zikiwa na ukingo mwekundu upande huu na wa buluu upande ule, picha tatu hazilaliani sawasawa. Kupishana kwa nusu piseli hadi piseli moja ni kawaida. Kukizidi hapo, mashine imeanguka au imegongwa.

Kwa DLP mambo ni tofauti. Rangi zote hupita katika chipu ile ile, kwa hiyo mawingu ya rangi moja si kawaida yake. Maradhi yake makubwa ni mawili. La kwanza ni nukta nyeupe zinazometameta kama nyota katika picha nyeusi: hivyo ni vioo vilivyokwama. Zikianza kumi, baada ya miezi huwa mia, na chipu nzima hubadilishwa. La pili ni la gurudumu. Likivuma kama nyuki au kukwaruza, fani zake zimechakaa. Rangi zikibadilishana nafasi, nyekundu ikaja mahali pa kijani, huenda kihisio kinachohesabu mzunguko kimeingia vumbi. Ama ile michirizi ya rangi ambayo baadhi ya watu huiona wanapogeuza macho ghafla si kasoro. Ni tabia ya namna hii ya projekta. Mwenye kuumwa kichwa kwa ajili yake anunue ya paneli tatu.

JIBU LA MAMA WA MKANDA

Sasa tunaweza kumjibu dada yetu, na kila mwenye hali kama yake. Ametueleza kwamba deki yake ni ya mifumo yote, aliyoletewa na nduguye kutoka Maskati. Basi kukosekana kwa rangi katika mkanda si kosa la muuzaji wala la projekta. Aingie katika menyu, mahali pa mfumo wa video, atoe NTSC aweke PAL au hali ya kujichagulia yenyewe. Tunatarajia rangi zitarejea hapo hapo.

Ama wingu la manjano ni jambo jingine. Anasema linaonekana hata katika menyu, na halibadiliki akizungusha lenzi. Maelezo hayo yanatosha: si waya, si vumbi, bali ni paneli ya buluu au polaraiza yake. Kwa kukamilisha ushahidi aonyeshe ukurasa wa buluu mtupu. Tunatazamia upande wa kulia utakuwa na kiza. Wingu hilo halitapungua, litakua. Shauri letu ni airudishe kabla ya siku saba kumalizika. Aende na mashine, aiwashe mbele ya muuzaji, amwonyeshe ukurasa mweupe na wa buluu, aseme kwa upole lililopo. Wala asitaje ule mkanda usio na rangi, kwa kuwa hilo halimhusu muuzaji, na madai ya kweli yakichanganywa na yasiyo ya kweli hupoteza uzito.

Muuzaji akimwambia, "Badilisha taa tu," asikubali, kwani taa ikichoka hufifisha picha nzima. Haichagui upande wa kulia.

Na tuna neno moja la ziada kwake na kwa wote wenye mikanda ya namna hiyo. Mkanda wa mwaka 1994 umepita miaka 30. Mikanda hufifia, huota ukungu, hukatika ndani ya deki. Kabla ya kuucheza mara ya kumi kwa furaha ya kuwa na projekta, upelekeni kwa wanaonakili mikanda kwenda katika faili za kompyuta, na muulize mapema kama wanapokea PAL. Projekta nyingine itapatikana wiki ijayo. Sauti ya mzee ikishapotea katika mkanda, haina duka inakouzwa.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Asiyetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia aende kwa muuzaji na vitu vitatu: kompyuta au simu yenye zile kurasa sita, waya wake mwenyewe aliokwisha kuujaribu, na karatasi nyeupe. Aombe mashine iwashwe dakika 20. Muuzaji anayekataa kuiwasha amekwisha kukujibu.

Tazameni saa za taa katika menyu, ila msiziamini peke yake, kwa kuwa hesabu hiyo hurudishwa sifuri kwa kubonyeza tu. Taa inayodaiwa kuwa na saa 50 huku picha imefifia kama machweo, ina hadithi yake. Toeni kichujio cha hewa: kikiwa kimejaa vumbi kama zulia, mashine haikutunzwa. Mwisho, tazameni uso wa mtu wa rangi ya maji ya kunde katika picha yoyote mnayoifahamu vizuri. Jicho huweza kudanganywa juu ya rangi ya nguo au ya bahari, lakini rangi ya uso wa mtu wetu tunaijua toka utotoni.

Mwenye nia ya kuipeleka mashine nyumbani asome kibandiko cha umeme. Hapa umeme ni volti 120, na kwetu ni 230 hadi 240. Iliyoandikwa 100–240 haitadhurika.

TAHADHARI

Msichungulie ndani ya lenzi mashine ikiwaka, na watoto wakatazwe kabisa. Msifungue kifuniko cha ndani. Mna umeme mkali unaobaki hata baada ya kuchomoa waya, na taa huwashwa kwa volti elfu kadhaa. Kubadilisha taa na kusafisha kichujio cha hewa ni kazi za mwenye nyumba, baada ya kuchomoa waya na kusubiri saa nzima ipoe. Yaliyobaki ni ya fundi.

Taa hizi zina zebaki ndani yake, iliyobanwa kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya hewa tuivutayo. Ikipasuka, watu wote watoke chumbani. Zimeni kipasha joto au kipoza hewa kinachosambaza hewa nyumbani, fungueni madirisha, subirini dakika 10. Msitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu huitawanya zebaki. Okoteni vipande kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe, vitieni katika chupa yenye kifuniko, mvipeleke kituo cha taka za hatari cha mji wenu. Hata taa iliyokufa bila kupasuka isitupwe katika pipa la kawaida.

NA WEWE UKIWA MUUZAJI

Neno la mwisho ni kwa wale watakaouza mashine zao wenyewe, kwani leo mtu hununua na kesho huuza. Dini yetu imetukataza kuficha aibu ya bidhaa, na katika jamii ndogo kama yetu hakuna pa kujificha. Ukiwa unajua kwamba pana wingu katika pembe, lionyeshe, kisha punguza bei. Wapo watakaoinunua kwa furaha: mwalimu anayeonyesha herufi kubwa nyeusi za alifu na be hahitaji buluu kamili. Kasoro iliyosemwa ni punguzo la bei. Iliyofichwa ni ugomvi, na ugomvi hapa ugenini hufuata watu hadi ukumbi wa harusi na safu za msikiti.

Kateni ukurasa huu mkauweke katika mfuko wa mashine yenu. Mwezi ujao, inshaallah, tutaeleza cherehani za zamani: jinsi ya kuitambua ile ambayo sindano yake huruka, na kwa nini si kila cherehani nzito ni nzima.

Wassalaam alaykum.

Ni mimi wenu,
Fundi wa Nyumbani